Mkaa, Mwani na Mifupa ya Punda Milia

Saa kumi na moja alfajiri bahari ya Jambiani ilikuwa ikipiga ukuta wa nyumba niliyolala. Saa tatu asubuhi haikuwepo. Mimi nimezaliwa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, na maji ninayoyajua hukaa yalipo. Sikuwahi kuona maji yakiaga namna hii, yakakusanya mawimbi yake na kwenda zake mpaka kule mwambani, kilomita nzima na zaidi, yakaacha nyuma mchanga mweupe, madimbwi ya rangi ya feruzi na ngalawa zilizolala ubavu kama mbuzi waliochoshwa na jua. Mama mwenyeji wangu aliniona nimeduwaa barazani, kikombe mkononi.

“Usiyahurumie,” akasema. “Yatarudi alasiri. Kunywa chai.”

Chai yenyewe ilikuwa ya maziwa, imekolea hiliki na tangawizi, na pembeni yake mkate wa kumimina uliotoka jikoni muda huo huo, kingo zake kavu na katikati laini, ukinukia nazi hadi uwanjani. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma. Mwezi wa Agosti Unguja ina ubaridi kidogo wa asubuhi, wa kumfanya mzee ajitande shuka na mgeni adhani amebahatika. Amebahatika kweli.

Nilikuja Unguja kwa sababu ya maswali ya watu wengine. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikusanya habari za utafiti uliofanywa katika kisiwa hiki, na kila nilipoongeza moja niliona haifanani na iliyotangulia: mwani, kima, mapango, mbung’o, barua za masultani, punje za mchele zilizoungua zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 85 hivi. Nikataka kupita katika maswali hayo kwa siku moja, kwa miguu na kwa daladala, nione kama kweli yanajuana au yamekutanishwa na daftari langu tu.

Mwalimu wa kwanza alikuwa ananingoja uwanjani, ndoo kichwani. Ni shangazi yake mama mwenyeji, na mtaa mzima unamwita Bi Mkubwa.

“Shikamoo, Bi Mkubwa.”

“Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe mgeni wa bara? Vaa hivyo viatu vyako vya mpira, huko kuna miiba. Twende, leo bamvua, tukizubaa tutayakuta yamesharudi.”

Bamvua ni maji ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari inapojaa sana na kupwa sana. Siku za katikati ni maji mafu, na mkulima wa mwani hukaa nyumbani akisuka ukili. Kwa hiyo shamba hili halifuati saa ya ukutani wala kalenda ya ofisi. Linafuata mwezi. Tulitembea juu ya mchanga mgumu wenye mikunjo, maji yakitufika kwenye vifundo, kisha magotini. Miiba myeusi ya bahari ilikuwa imejificha kwenye nyasi. Nilikanyaga mmoja, na Bi Mkubwa akanishika mkono tangu hapo kama mtoto anayevushwa barabara.

Shamba la mwani ni mistari ya mambo za miti zilizokitwa mchangani, na kati ya mambo na mambo pana kamba, na kwenye kamba yamefungwa matawi madogo ya mwani kwa nyuzi ambazo hapa huitwa tai-tai. Ukiangalia kwa mbali unaona nguo zimeanikwa chini ya maji. Ukiinama karibu, kila tawi ni kichaka kidogo chenye vidole vya mviringo, kahawia kwa kijani, kinachoteleza na kukatika kwa mlio kama tango. Baada ya wiki sita hivi tawi limekuwa kichaka cha kujaza mikono miwili. Bi Mkubwa alikuwa akifungua kamba, akikata, akibakiza mbegu, akifunga tena, na midomo yake haikupumzika.

Kilimo hiki kilianza pwani hii ya mashariki mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Mwani hukaushwa, husafirishwa ng’ambo, na huko hukamuliwa karajinani, ute unaofanya dawa ya meno isimwagike na aiskrimu isiwe maji. Wakulima wake Zanzibar ni maelfu, na wengi mno ni wanawake. Kuna aina mbili: spinosamu, ambayo ni ngumu na bei yake ni ndogo, na kotonii, ambayo bei yake ni nzuri na roho yake ni nyepesi.

“Kotonii ilikuwa hapa, hapa tuliposimama,” Bi Mkubwa alisema. “Ikaja kaskazi moja, maji yakawa ya moto. Asubuhi unaukuta mwani umekuwa mweupe, ukiugusa unavunjika. Tukasema kuna mtu katuroga. Halafu wakaja watu wa Taasisi, wakatia kipimajoto chao majini, wakaandika. Nikawaambia, miguu yangu ilishaniambia hayo mwaka juzi.”

Taasisi anayoisema ni Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yenye makao yake hapa Unguja tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Mtafiti mmoja wa huko, Dk. Flower Msuya, ametumia miaka mingi ya kazi yake akisimama majini na akina mama kama hawa. Kilichoonekana ni kwamba joto la maji ya kina kifupi linaidhoofisha kotonii, kisha magonjwa yanaimaliza. Kwa hiyo wakajaribu kuilima kwenye maji ya kina, ndani ya nyavu zilizoshonwa kama mirija mirefu. Lakini maji ya kina yanataka chombo na yanataka kuogelea, na wanawake wengi wa pwani hii hawakufundishwa kuogelea. Hapo swali la mtu wa bahari likageuka kuwa swali la jamii: nani alifundishwa kuogelea, nani hakufundishwa, na kwa nini? Napenda sana pale utafiti unapolazimika kubisha hodi mlango wa jirani namna hii. Njia nyingine ilikuwa kuuza kitu chenye thamani zaidi ya mwani mkavu, na ndiyo maana Bi Mkubwa alinipa kipande cha sabuni ya mwani na karafuu kutoka mfukoni mwa dera lake. Ninaandika maneno haya na mikono yangu bado inanukia.

Maji yalianza kurudi bila kelele, kwanza kama unyevu, kisha kama kijito kinachokuzunguka kwa nyuma. Tukatoka.

Kutoka kijijini kwenda Pango la Kuumbi unaiacha bahari nyuma na kuingia maweni, nchi ya mawe ya matumbawe ambayo zamani za kale yalikuwa chini ya bahari. Udongo ni haba. Mihogo imepandwa ndani ya mashimo ya mawe, kila mche na kikombe chake cha udongo. Mzee aliyenipeleka alitembea peku juu ya mawe ambayo yalikuwa yakikata soli zangu. Tulipofika mdomoni mwa pango alisimama, akavua kofia, akapiga hodi. Si kwa utani. Watu wa Jambiani huja hapa kuomba, na ndani kuna vitambaa na harufu ya ubani wa zamani. Nami nikapiga hodi.

Ndani ni baridi tamu. Paa lina matundu, na mizizi ya miti imeshuka kupitia matundu hayo hadi chini kama kamba za kengele. Popo walinong’ona. Mwangaza wa saa sita uliingia umenyooka, ukasimama sakafuni kama nguzo.

Mwaka 2005 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba hapa, na mwaka 2012 ikaja timu nyingine ya kimataifa. Waliteremka tabaka kwa tabaka, wakichekecha udongo, hadi kufika kwa watu walioishi katika pango hili kiasi cha miaka 20,000 iliyopita. Watu hao walikula nyama. Na mifupa waliyoiacha ni ya wanyama ambao ukimwambia mtoto wa Jambiani kwamba waliishi kijijini kwao atakucheka: punda milia. Nyati.

Nilimuuliza mzee kama anaamini. Akaniangalia kwa upole.

“Sasa mjukuu wangu, punda milia anaweza kupanda jahazi?”

Hawezi. Alikuja kwa miguu. Enzi hizo barafu ilikuwa imefunika sehemu kubwa za dunia na bahari ilikuwa chini sana, na Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Barafu ikayeyuka, maji yakapanda, na kiasi cha miaka 10,000 iliyopita mkono wa bahari ukapita katikati. Kwa hiyo jibu la mtu wa mifupa liko kwa mtu wa bahari, na wote wawili wanamhitaji mtu wa barafu ambaye pengine hajawahi kuiona Afrika. Nilisimama kwenye ile nguzo ya mwanga nikawaza: mimi mtu wa bara nimepanda boti kuja hapa, nikatapika njiani, ilhali waliotangulia walikuja wakitembea.

Kuhusu mfupa mwingine, wa kuku, wataalamu bado hawajapatana. Profesa Chami alitangaza kwamba katika tabaka za kale za Kuumbi kuna mifupa ya kuku wa kufugwa, ya maelfu ya miaka kabla ya Kristo. Kama ni hivyo, safari za pwani hii na Asia ni za kale mno kuliko tulivyofundishwa. Timu iliyokuja baadaye ilichunguza mifupa iliyoifukua yenyewe na haikumwona kuku huyo. Ninamheshimu aliyesema na ninawaheshimu waliopinga. Mfupa wa kuku ni mdogo, unaingia katika kiganja cha mtoto, lakini ukikaa tabaka moja juu au moja chini, historia ya bahari nzima inahama. Na kinachoamua umri wa tabaka mara nyingi ni kipande cha mkaa, masalia ya jiko la mtu, ambacho hupelekwa maabara ikahesabiwa kaboni ya 14 iliyobaki ndani yake. Mzee aliinama, akaokota kipande kidogo cheusi mlangoni, akakiweka kwenye kiganja changu. “Huu ni wa jana,” akasema. “Wavulana walichoma muhogo.” Nikaufunga kwenye karatasi hata hivyo.

Daladala namba 309 ilifika saa saba na nusu badala ya saa saba, na ilipofika ilikuwa imejaa, na ilipojaa ikapakia wengine watatu. Juu ya paa palikuwa na magunia ya mwani, baiskeli, na kapu la samaki lililodondosha maji yake dirishani kwangu kila tulipokata kona. Goti langu lilikaa kwenye mgongo wa mtu na kiwiko cha mtu kikakaa mbavuni mwangu. Taarabu ikalia. Kondakta, kijana mwembamba aliyening’inia nje kama bendera, alimwita kila mwanamke mama na kila mzee babu, na mwanafunzi wa skuli (hapa husema skuli, nami nalipenda neno hilo) akapakatwa na bibi asiyemjua mpaka mwisho wa safari yake.

Nyuma yangu wanawake wawili wazee walikuwa wakizungumza, na nilichokisikia kilinifanya nifunge macho ili nisikilize vizuri. Kilikuwa Kiswahili, lakini nilishika nusu tu. Hicho ni Kikae, lugha ya Makunduchi na vijiji vya huku kusini, ambayo wengine huiita Kimakunduchi. Kiswahili nilichofundishwa mimi darasani Mwanza kimejengwa juu ya Kiunguja cha mjini. Lahaja hiyo ilichaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi ya kukisanifu mwaka 1930. Hapa, mwendo wa saa moja na kitu kwa daladala kutoka mjini, pana Kiswahili kingine chenye vitenzi vyake na maneno yake ambayo hayakualikwa Mombasa. Nashukuru kwamba BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, limechapisha kamusi za lahaja za visiwa hivi. Mmoja wa wale bibi alinigundua nasikiliza. Akanifundisha neno moja, akanisahihisha mara nne, kisha akanipa ndizi.

Ukikaribia msitu wa Jozani gari linapunguza mwendo kwa lazima, kwani pana matuta barabarani. Yaliwekwa kwa ajili ya kima. Zamani magari yalikuwa yakiwagonga mara kwa mara, watafiti wakahesabu vifo, na hesabu hiyo ikawa matuta. Kila abiria anarushwa kidogo, anashika kiti, na hakuna anayelalamika.

Nilishuka, nikaingia chini ya mitondoo na michikichi, na joto likabaki barabarani. Msitu wa Jozani una unyevu unaokushika shingoni kama kitambaa. Tangu mwaka 2004 ni hifadhi ya taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka, na upande wa pili njia ya mbao inakupeleka katikati ya mikoko ambayo matope yake yanapumua kwa sauti. Lakini niliyemfuata ni kima punju.

Anapatikana Unguja, na kama unataka kumwona katika makazi yake ya asili hakuna mahali pengine duniani pa kwenda. Mgongo wake mwekundu kama kutu, tumbo jeupe, uso mweusi umezungukwa na nywele nyeupe zilizotimka kama za babu aliyeamshwa ghafla. Punju ni sumu. Wenyeji walimpa jina hilo kwa kumwogopa na kumwona mnyama mbaya, na wakulima walimtuhumu kumaliza vidaka vya minazi. Sikilizeni walichofanya watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker: walihesabu. Walihesabu vidaka vilivyoliwa na kima na nazi zilizovunwa mwishoni, mnazi kwa mnazi. Wakakuta, katika matokeo waliyochapisha mwaka 1999, kwamba pale kima walipokula vidaka zaidi, mavuno ya nazi hayakupungua. Yalielekea kuongezeka, kama kwamba mnazi ulikuwa umepunguziwa mzigo. Kijana wa hifadhi aliyenitembeza alinisimulia hayo kwa furaha ya mtu anayesimulia kesi ambayo ndugu yake alishinda.

Kisha akanyamaza na kunionyesha kwa kidevu.

Ukingoni mwa shamba, jike lililobeba mtoto kifuani lilikuwa limekaa kwenye kisiki kilichoungua. Lilibandua kipande cha mkaa kwa vidole, likakigeuza, likakitia mdomoni. Nilisikia kikitafunwa. Mlio mkavu, mdogo, kama kashata. Mtoto akanyoosha mkono kupapasa midomo ya mama yake, akaupata ule weusi, akaulamba.

Struhsaker na wenzake walichapisha maelezo yake mwaka 1997. Kima wa mashambani hula sana majani ya miembe na mikungu, ambayo yana lishe nzuri lakini pia yana kemikali zinazosumbua mmeng’enyo. Mkaa unazinasa kemikali hizo. Ndiyo kazi ile ile ya mkaa unaotolewa hospitalini kwa aliyekula sumu. Mnyama aliyeitwa sumu ndiye anayejua dawa yake! Na sensa ya karibuni, iliyotolewa mwaka 2019, ilihesabu zaidi ya kima 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa.

Msitu huu huu ulikuwa na mbung’o, na mbung’o ndiye aliyewanyima ng’ombe wa Unguja afya kwa ugonjwa wa nagana. Kati ya mwaka 1994 na 1997 wanasayansi walifuga madume ya mbung’o kwa mamilioni kule Tanga, wakayapitisha kwenye mionzi ili yawe tasa, wakayamwaga kutoka kwenye ndege ndogo juu ya kisiwa. Jike la mbung’o kwa kawaida hupandwa mara moja tu. Akiolewa na dume tasa, ukoo umekwisha. Mbung’o wa mwisho alinaswa Septemba 1996. Kijana alinieleza kwamba bibi yake hadi leo anazikumbuka zile ndege, na kwamba alidhani wanadondoshewa barua.

Jina la kima huyu kwa lugha ya wanasayansi lina Kirk ndani yake. John Kirk alikuja Unguja mwaka 1866 kama daktari wa ubalozi wa Kiingereza, akawa balozi, na ndiye aliyesimama upande wa Uingereza katika mkataba wa mwaka 1873 ambamo Sultan Barghash alikubali kulifunga soko la watumwa. Huyu huyu alikuwa akikusanya mimea na wanyama na kuwapeleka London, na mwaka 1868 kima punju akapewa jina lake. Siku mbili kabla ya safari hii nilikuwa Kilimani, katika jengo la Nyaraka, nimekaa chini ya feni na penseli yangu, nikifungua majalada ya ubalozi wa zama hizo na barua za Kiarabu za watawala. Karatasi zina harufu ya vumbi tamu, kama karafuu ya mwaka jana. Msomaji wa barua anamjua Kirk wa mkataba; msomaji wa kima anamjua Kirk wa makumbusho. Nilipokuwa nimesimama pale Jozani, Kirk mmoja alitoka kwenye jalada na mwingine akashuka mtini.

Jua lilikuwa limelegea nilipofika Unguja Ukuu, nyuma ya bodaboda, mdomo umejaa vumbi. Kwa kutazama tu ni kijiji cha wavuvi: nyavu, minazi, watoto wanaocheza mpira kwa kelele za mataifa yote. Bahari ilikuwa imerudi kama mama mwenyeji alivyoahidi, imejaa hadi kwenye mizizi. Chini ya kijiji hiki kumelala mji ulioanza karne ya 7 hivi, mji wenye vyungu vya Ghuba ya Uajemi vyenye ng’aro ya kijani na buluu, na vyombo vilivyochomwa Uchina. Abdurahman Juma, mwanaakiolojia Mzanzibari, aliuandikia kitabu kizima baada ya kuuchimba. Nasema Mzanzibari kwa makusudi. Kuna tofauti ya kusikia habari za nyumba yenu kutoka kwa mgeni na kuzisikia kutoka kwa mtu aliyekulia ukumbini.

Mvuvi aliyekuwa akishona wavu alinikaribisha kukaa juu ya jarife lake, akamtuma mtoto madafu kabla sijasema shida yangu. Akaniuliza wale wachimbaji walikuwa wakifanya nini na ndoo za maji, maana yeye aliwaona. Hilo nililijua, nikafurahi kulipa dafu kwa jibu. Udongo wa jiko la kale hutiwa ndani ya maji na kukorogwa. Mchanga unazama, na vitu vyepesi vilivyoungua vinaelea. Ndani ya vitu hivyo mna mbegu. Chakula kilichopikwa vizuri kilishaliwa na kupotea. Kilichobaki ni kile ambacho mpishi alikiunguza, kwa sababu kilichogeuka mkaa hakiozi. Wakakuta mtama na uwele, nafaka za Afrika, na kando yake mchele na choroko zilizotoka ng’ambo ya bahari. Wakapata na mifupa ya panya mweusi, abiria asiyelipa nauli wa majahazi ya Bahari ya Hindi, na ya kuku, ambaye katika karne hizo za mwisho za milenia ya kwanza hana anayembishia.

Mvuvi alicheka mpaka wavu ukamtoka mkononi. “Kwa hiyo mke wa mtu kaunguza wali,” akasema, “na nyinyi mkaandika kitabu.”

Nilimwambia ndivyo hasa.

Mjini nilifika magharibi. Forodhani meza zilikuwa zimekwisha kupangwa, taa zimewashwa, na moshi umelala juu ya bustani kama chandarua. Upande wa barabara Beit al-Ajaib, jumba la Barghash la mwaka 1883 lililobomoka upande mmoja Desemba 2020, lilisimama na majeraha yake. Upande wa bahari vijana walikuwa wakiruka ukutani, wakipiga mbizi na nguo zao. Nilikunywa juisi ya miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi. Nilikula urojo, uliotiwa bajia, kachori, chipsi za muhogo na pilipili iliyonifanya nitoe machozi mbele ya watu, na muuzaji akaniongezea nazi bila kuniuliza.

Pweza ndiye niliyemsubiri. Kaka wa mishkaki alikuwa akipepea jiko kwa kipepeo cha ukili, cheche zinaruka, makaa yanageuka kutoka weusi hadi wekundu hadi weupe. Niliweka kando ya sahani vitu vyangu vya siku: kipande cha sabuni na ile karatasi yenye mkaa wa muhogo. Kaka akauona.

“Huo umetoka nao wapi, mjomba?”

Nikamsimulia pango, kima na wali ulioungua. Alisikiliza mpaka pweza akaanza kukauka, akastuka, akampindua. Akachagua kaa moja kubwa lisilowaka, akalifunga gazetini, akanipa. “Na wa Forodhani uuchukue,” akasema. “Wakija kutuchimba, wasitusahau.”

Mwezi mpevu ulikuwa umechomoza nyuma ya mji, juu ya mapaa ya mabati. Simu ikatetemeka. Alikuwa mama mwenyeji, akinifikishia salamu za Bi Mkubwa: kesho maji yatakuwa chini kabisa saa nne na nusu, kamba kumi alizonitengea zinaningoja, na nisisahau viatu.